Sema mapema unachotaka: insha ya IELTS kwa sisi tuliolelewa kuzunguka

Karibu kila anayekuja kwangu kujiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, huanza kwa kuniambia, "Mwalimu, shida yangu ni grama." Nampa swali, anaandika, nasoma. Makosa ya grama yapo, lakini mara nyingi kuna jambo kubwa kuliko hilo: nimefika mwisho wa ukurasa na bado sijajua yeye mwenyewe anaonaje. Amenieleza wengine wanasemaje, amenieleza dunia ya leo ilivyobadilika, amenieleza kwamba kila kitu kina faida na hasara. Rai yake imetokea kwenye sentensi ya mwisho, tena kwa kujificha.

Nafundisha jioni katika chumba tunachoazimwa na kanisa hapa Nsambya, Kampala. Darasa letu linaendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha. Wapo Wakongo waliosoma kwa Kifaransa kama nilivyosoma mimi Bukavu, wapo Warundi, wapo Waganda waliokulia kwenye kambi za jeshi ambako Kiswahili ndicho cha nyumbani, na siku hizi wapo vijana wa Arua na Koboko. Mwingine anaomba chuo Kanada, mwingine ni muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza, mwingine anatafuta ufadhili wa shahada ya pili. Wote wanakutana na karatasi ya aina moja.

Karatasi hiyo ya kuandika ni dakika 60 kwa kazi mbili. Ya kwanza inataka maneno yasiyopungua 150: kwa wale wa IELTS Academic ni kueleza grafu, jedwali au mchoro, na kwa wale wa General Training ni barua. Ya pili, inayoitwa Task 2, ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Ndiyo maana maelekezo yenyewe yanashauri dakika 20 kwa ile na 40 kwa hii. Grafu tutaiongelea siku nyingine. Leo ni insha.

Tabia ya kuchelewesha msimamo tumefundishwa darasani. Anayemaliza sekondari Kongo huandika dissertation ya Kifaransa katika Examen d'État, na tulivyoizoea ni hivi: unaueleza upande wa kwanza kana kwamba unauamini, unageuka unaueleza wa pili kwa nguvu ileile, halafu mwishoni unazipatanisha pande zote mbili. Kutoa rai yako mwanzoni kungeonekana pupa. Mwenzetu aliyesoma Uganda naye ametoka kwenye General Paper, karatasi ya maarifa ya jumla ya S6 (kidato cha sita), ambako insha ni ndefu, maneno 500 na zaidi, na wengi walizoezwa kumimina hoja nyingi kadiri inavyowezekana kwa sababu mwalimu alikuwa akizihesabu. Na sote, nyumbani, tumelelewa kwamba mtu haingii kwa watu akasema shida yake mlangoni. Unapiga hodi, unasalimia, unauliza habari za watoto, za kazi, za mvua, ndipo unafika kwenye kilichokuleta.

Adabu hiyo naipenda na sitaki mtu yeyote aiache. Lakini mtahini anasoma insha yako akiwa na vigezo mbele yake, na vigezo hivyo havina nafasi ya hodi. Viko vinne, kila kimoja robo ya alama: ulivyolijibu swali, mpangilio na mtiririko, msamiati, na sarufi. Maelezo ya kila bendi, yaani ngazi ya alama, yamewekwa wazi mtandaoni na wenye mtihani wenyewe, bure, na namsihi kila mwanafunzi ayasome kabla hajanunua kitabu chochote. Katika kigezo cha kwanza, bendi 7 inataka msimamo wa mwandishi uwe wazi na uwe umekuzwa. Katika mpangilio, inataka aya zitumike vizuri na mawazo ndani ya kila aya yafuatane kwa mantiki. Angalia sasa: vigezo hivyo viwili peke yake ni nusu ya alama za insha, na mtu anaweza kukesha na kitabu cha sarufi mwezi mzima asiviguse.

Nitaeleza kwa mfano wa dada mmoja muuguzi, mwenyeji wa Bunia, aliyekuwa akitafuta 6.5 ya kuandika. NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, linadai 7 katika kusikiliza, kusoma na kuongea, na tangu mwishoni mwa 2018 linakubali 6.5 katika kuandika. Kiingereza chake cha mdomoni kilikuwa kizuri, kilichokuwa kikimrudisha nyuma ni insha. Nikampa swali nililolitunga mwenyewe, maana napenda mtu wa Kampala aanze na jambo ambalo ana la kusema juu yake: katika miji mingi watu hutegemea pikipiki za abiria, na wengine wanaona zipigwe marufuku katikati ya mji. Unakubali au hukubali, na kwa kiasi gani?

Aliandika ukurasa mmoja na robo. Aya ya kwanza ilianzia zamani watu walipotembea kwa miguu na kwa punda, ikapita kwenye treni, ikafika kwenye pikipiki, na ikaisha bila neno lolote kuhusu marufuku. Aya ya pili ilibeba ajali, ajira za vijana, moshi, wizi wa simu na kofia ngumu, kila kimoja sentensi moja. Ya tatu ilianza na On the other hand, ikarudia ajira. Ya mwisho ilisema kila serikali itazame hali ya nchi yake.

Nikaiweka karatasi pembeni nikamuuliza, "Dada, achana na mtihani kwanza. Wewe unayepokea majeruhi, unaonaje?"

Akajibu palepale. "Mwalimu, mimi nimeona miguu mingi imevunjwa na boda. Lakini siwezi kusema wazitoe. Mama akishikwa na uchungu usiku kule mtaani ambako gari haifiki, nani atamleta? Wazitoe kwenye barabara za malori, wazipe njia yao, na anayebeba watu watatu akamatwe."

Hapo insha yake ilikuwa imekamilika. Msimamo upo: sikubali zipigwe marufuku, lakini zidhibitiwe. Sababu ya kwanza ipo: wapo watu wasio na usafiri mwingine. Ya pili ipo: hatari ni ya kweli, ila dawa yake ni sheria na njia tofauti. Aya mbili za katikati zimepatikana, na kila moja inajua kazi yake. Kilichokuwa kimemzuia ni kuamini kwamba mtihani unataka jambo kubwa zaidi ya lile analolijua.

Nikamkumbusha pia jambo analolifanya kila asubuhi kazini: kukabidhi zamu. Muuguzi anayetoka usiku haanzi na historia ya hospitali. Anasema: kitanda cha sita, presha imepanda, nina wasiwasi naye. Kisha anatoa vipimo. Kisha anaeleza alichokifanya usiku. Kisha anasema anachotaka anayeingia akifanye. Anayemsikiliza anajua tangu sentensi ya kwanza kwa nini anatajiwa namba zinazofuata. Aya ya Task 2 inakwenda vivyo hivyo, na yeye alikuwa ameizoea kazi hiyo miaka mingi kabla hajasikia habari za bendi.

Aya aliyoiandika baada ya hapo naiweka hapa kwa Kiswahili, ili tuutazame mpangilio bila kuhangaika na Kiingereza chake:

"Kupiga marufuku pikipiki kungewaumiza kwanza wale ambao hawana usafiri mwingine. Mitaa mingi ya watu wa kipato cha chini ina njia nyembamba ambazo gari haliwezi kupita, na mabasi huishia barabara kuu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kutembea kutoka kituoni ni usumbufu tu, lakini kwa mgonjwa ni hatari. Mwanamke anayeanza kuumwa uchungu usiku, kwa mfano, mara nyingi hufikishwa hospitali na dereva wa pikipiki wa jirani. Dereva huyo akiondolewa kabla ya kuwepo njia nyingine, mji utakuwa umepunguza ajali kwa kuwanyima wengine matibabu."

Sentensi ya kwanza inasema jambo kuu la aya, na jambo hilo linaegemea msimamo alioutaja kwenye utangulizi. Ya pili inaeleza kwa nini ni kweli. Ya tatu inasogeza mbele: usumbufu kwa huyu, hatari kwa yule. Hii ndiyo sentensi ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayoonyesha kwamba mwandishi anafikiri. Ya nne ni mfano. Ya tano inarudi kwenye swali la marufuku na kuonyesha matokeo yake. Hakuna hoja mpya iliyoingia katikati. Wizi wa simu haumo, moshi haumo, na hakuna mtahini atakayevidai.

Hapa ndipo vijana wa General Paper wanaponibishia. Kijana mmoja wa Bombo, mwerevu sana, aliniuliza kwa nini aache hoja tano nzuri abaki na mbili. Nilimwomba achukue hoja zake tano na agawanye maneno 250 kwazo, akitoa kwanza ya utangulizi na ya hitimisho. Alibaki na maneno kama 35 kwa kila hoja. Kwa maneno 35 unaweza kutaja jambo, huwezi kulieleza, kulitolea mfano na kulirudisha kwenye swali. Vigezo vinataka hoja zikuzwe na zitegemezwe, na hoja iliyotajwa tu haijakuzwa. Anayehisi hoja mbili hazitoshi mara nyingi hajauliza hoja zake swali la pili: kwa nini? Na la tatu: halafu inakuwaje?

Kuhusu viunganishi nitasema kidogo lakini kwa mkazo. Moreover, Furthermore, In addition, On the other hand: wanafunzi huviweka mwanzoni mwa kila sentensi wakiamini ndivyo mtiririko ulivyo. Maelezo ya bendi za juu yanasema kinyume, kwamba uunganishaji mzuri hauvuti macho, na kuvitumia kupita kiasi kunapunguza alama. Rudi kwenye aya ya dada. "Dereva huyo" inaishika sentensi ya kabla yake bila kiunganishi chochote. Tunaongea hivyo kila siku: huyo, hilo, hapo, jambo hili. Kiingereza nacho kina this, such, these, na neno moja la namna hiyo lililokaa mahali pake linafanya kazi kuliko Furthermore tatu.

Sasa jambo linaloniudhi, na nitalisema. Kuna insha zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp, zinazoitwa templeti, na mwanafunzi wangu mmoja alilipia moja kwenye kituo kimoja hapa mjini. Ilikuwa ni aya nne zenye mapengo: sentensi ndefu za fahari kuhusu mjadala mkali unaoendelea katika zama hizi za utandawazi, halafu pengo la kujaza mada. Alizikariri zote. Watahini wanasoma insha nyingi mno wasitambue maneno ya kukariri, na vigezo vyao vinayataja miongoni mwa udhaifu wa bendi za chini. Zaidi ya hapo, templeti inamwambia mwanafunzi kwamba maneno yake hayafai. Ninaishi na watu hawa, najua ada ya mtihani inavyokusanywa: kaka ametuma kidogo kutoka Goma, shangazi ameuza mbuzi, kikundi cha akiba kimekopesha. Kuwauzia mapengo watu wa namna hiyo ni kuwakosea.

Kujua aina za maswali, hilo lina faida ya kweli, kwa sababu mpangilio unafuata swali. Swali likiuliza kama unakubali, chagua upande au kubali kwa sehemu, na aya zote mbili za katikati zibebe sababu zako. Likisema jadili maoni ya pande zote mbili na utoe yako, kila upande upate aya, na yako isikike mapema, isisubiri hitimisho. Wakongo wenzangu, hili ndilo swali litakalowavuta kurudi kwenye dissertation, kuweni macho. Likiuliza kama faida zinazidi hasara, usiishie kuorodhesha: lazima useme zipi zina uzito zaidi na kwa nini. Likiuliza chanzo cha tatizo na suluhisho, hakikisha suluhisho lako linagusa chanzo ulichokitaja. Nimesoma insha nyingi ambazo chanzo ni umaskini na suluhisho ni matangazo ya redio. Na likiwa na maswali mawili tofauti, aya moja kwa kila moja, basi.

Utangulizi uwe mfupi. Sentensi moja inayolisema swali kwa maneno yako, moja inayotoa msimamo na, ukiweza, sababu zake mbili. Kunakili maneno ya swali kama yalivyo hakukusaidii. Methali zetu tamu tuziache nje, maana kila methali inahitaji kufafanuliwa, na ufafanuzi unakula maneno ya hoja. Hitimisho nalo liwe sentensi mbili tu: rudia msimamo kwa maneno mengine, kusanya sababu, weka nukta. Hoja mpya ikikujia ukiwa kwenye hitimisho, iache. Hata ikiwa nzuri.

Katika dakika 40, nawataka wanafunzi wangu watumie tano hadi saba za kwanza bila kuandika insha. Hili linawatisha kuliko yote. Wanamwona jirani ameshaanza na mikono inawawasha. Lakini katika dakika hizo wanaandika mambo matatu tu pembeni: msimamo kwa sentensi moja, jambo kuu la aya ya kwanza, jambo kuu la aya ya pili, na chini ya kila jambo mfano mmoja. Naruhusu waandike mpango huo kwa Kiswahili. Wengine hupinga, wanasema mtu afikiri kwa Kiingereza tangu mwanzo. Mimi nimeona dada wa Bunia alichokisema kwa Kiswahili kwa pumzi moja, na nimeona alichokiandika alipojilazimisha kuanza kwa Kiingereza, na sina shaka ni kipi kilikuwa na mawazo. Kiingereza kitakuja kwenye kuandika. Mpango hausahihishwi na mtu. Insha yenyewe lakini iwe ya sentensi kamili na aya kamili, vidokezo vya orodha havikubaliki.

Mambo madogo ya mkono. Kwenye kompyuta idadi ya maneno inaonekana kwenye skrini. Anayefanya kwa karatasi ajue mapema mwandiko wake unabeba maneno mangapi kwa mstari: hesabu mistari michache, pata wastani, na utajua 250 inaishia wapi kwenye ukurasa bila kupoteza dakika za kuhesabu moja moja. Lenga 270 hivi. Acha mstari mtupu kati ya aya ili mtahini azione. Dakika tano za mwisho soma ukitafuta makosa unayoyajua kuwa ni yako. Wetu wengi husahau s ya kitenzi baada ya he na she, na the huwekwa au huachwa kwa kubahatisha. Usianze kubadilisha hoja wakati huo.

Dada sasa anaandika insha mbili kwa wiki baada ya zamu, na pembeni mwa kila aya huandika kwa penseli: "kitanda cha ngapi?" Asipoweza kujibu kwa sentensi moja, anaifuta aya na kuianza upya. Wenzake wameiga, hata wasio wauguzi.

Jumamosi hii tunaandika swali la chanzo na suluhisho: kwa nini vijana wanaacha kilimo vijijini, na nini kifanyike. Njooni mkiwa mmeshaulizana na wazee wenu, maana baadhi yenu mna mashamba Mityana na Kasese, na mnajua majibu ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha maandalizi. Tutaanza na dakika saba za kimya, kalamu juu ya mpango tu.